Boksi la Mninga

Mgeni alifika jua likiwa bado kali, amebeba mzigo mkubwa uliofunikwa blanketi, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Nyamizi. Mgeni alisimama katikati ya ua bila kupiga hodi, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeelekezwa vibaya. Nyamizi hakumwuliza jina. Aliingia chumbani kwake kinyumenyume, akateremsha pazia la matete lililokuwa badala ya mlango, akashika mpini wa jembe kwa mikono miwili.

"Hodi wenyewe!" mgeni akaita, amekwisha chelewa.

Euphrasia alitoka jikoni mbio, mtoto wake Bernadina mgongoni, mikono imejaa unga. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye pazia la matete.

"Mama, tulia. Mimi nipo."

"Muulize kama anatoka Samuye," sauti ikasema kutoka nyuma ya matete.

"Unatoka Samuye?" Euphrasia akamwuliza mgeni, hata salamu bado.

"Mimi? Natoka stesheni, dada yangu. Nimeshuka kwenye treni ya Tabora. Hiyo Samuye hata upande iliko siujui." Akautua mzigo polepole, akajifuta jasho kwa kofia yake. "Naitwa Akida. Nimeambiwa hapa Ngokolo ndipo anapokaa mtu wa besi."

Euphrasia akashusha pumzi. "Mama, ni mtu wa muziki."

Nyuma ya matete mpini haukusikika ukiwekwa chini.

Nyamizi alikuwa mama yake Euphrasia. Kule Samuye alikuwa amepika kwa moto wa samadi miaka mingi, na moshi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mtoto wa jirani alipofariki, watu walianza kuyatazama macho yale kama macho ya mchawi. Ndipo mkwewe Donatus alipoazima mkokoteni, akaenda kumchukua. Kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake, wala kutazamana naye usoni, Donatus alimjengea chumba peke yake pembeni mwa ua. Kilikuwa na kuta nzuri na paa la nyasi mpya, lakini hakikuwa na mlango. Mbao za mlango, mninga mzito usioliwa na mchwa, zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zikisubiri bawaba na siku ya mapumziko.

Siku hiyo ya mapumziko ilikuwa haijapatikana, na Nyamizi hakuwa akilala usiku.


Donatus alirudi kutoka kinu cha pamba nywele zimejaa nyuzi nyeupe. Alipofunuliwa kile kilichokuwa chini ya blanketi alisahau hata kunawa. Ilikuwa spika, pana kama ungo mdogo, karatasi yake nyeusi haijachanika popote.

"Bendi yetu ya Tabora imevunjika," Akida akaeleza. "Kila mtu amechukua njia yake. Mimi nakwenda Geita kuchimba. Stesheni nimeacha amplifaya mbili, moja ya wati thelathini, moja ya wati kumi na tano, na spika nyingine ndogo kuliko hii. Baiskeli ile ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi unipe baiskeli, nikupe amplifaya moja na spika moja. Vilivyobaki nitaviuza mbele. Lakini ukichukua amplifaya kubwa, unachukua spika ndogo. Ukitaka spika hii, unachukua amplifaya ndogo. Kubwa zote mbili sikupi, ndugu yangu. Nami ni mtu."

Gitaa la besi lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wa Donatus tangu bendi yao, Tinde Jazz, ilipolinunua. Huo ulikuwa mwaka hamsini na nane, na katika Shinyanga nzima gitaa la aina ile halikuwepo jingine. Lakini bila amplifaya lilikuwa halisikiki kuwashinda nzi. Kila jioni Donatus alilishusha, akabonyeza sikio kwenye mbao yake, akapiga peke yake.

Wakamwita Athanas, kiongozi wa bendi na mpiga solo, karani wa duka la vitambaa. Alikuja na tai yake shingoni.

"Jambo gani la kufikiria hapa?" Athanas akasema. "Thelathini na kumi na tano, ipi kubwa? Mhunze tunapambana na watu wa Maganzo, Donatus. Wale wana tarumbeta!"

"Ngoja, mzee," Akida akasema. "Umeme mtapata wapi huko Mhunze?"

"Betri ya lori."

"Hiyo ya thelathini itainywa betri yenu kabla watu hawajatoka jasho. Halafu msukumo mkubwa kwenye kifua kidogo ni kikohozi. Besi inataka spika pana inayosukuma hewa. Mpe spika hii boksi zuri, wati kumi na tano zitatosha kabisa."

"Wewe unataka kutuuzia kinachokulemea mgongoni," Athanas akamwambia.

Akida akacheka. "Kweli kimenilemea. Lakini ni kizuri."

Donatus aliipapasa karatasi ya spika kwa ncha ya kidole. Alijua wanachokiendea. Baada ya mavuno, ngoma za Wasukuma hushindana uwanja mmoja na wakati mmoja. Pande mbili hupiga pamoja, na watu ndio waamuzi, kwa miguu yao. Wanapohamia, hapo ndipo penye ushindi. Mwaka huu bendi mbili za jazi nazo zingeshindana vivyo hivyo, na karani wa klabu ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita alikuwa amesema atakuja kuchagua. Bendi atakayoichukua ingepiga kila Jumamosi, na wapigaji wangepewa kazi mgodini. Kinu cha pamba kilikaribia kufungwa. Kikifungwa, Donatus hakuwa na kazi nyingine.

"Nachukua spika kubwa," akasema.

"Kikiharibika, ni juu yako," Athanas akajibu, akairekebisha tai.

Asubuhi iliyofuata Akida aliiendesha baiskeli kuelekea Tinde, ambako alikuwa na ndugu, akaahidi kupitia Mhunze siku ya mashindano aone mali yake inavyolia. Euphrasia aliitazama baiskeli mpaka ikapotea. Ndiyo iliyokuwa ikimpeleka zahanati mtoto alipopata homa.


Boksi lilihitaji mbao, na mbao katika ua ule zilikuwa zile zile.

Donatus alisimama mbali na pazia la matete, ameupa mgongo mlango ambao haukuwepo. Euphrasia alisimama katikati yao, kama ilivyopasa.

"Mwambie mama naziomba mbao zake. Mpaka Mhunze tu."

Nyamizi alikuwa amesikia kila neno, lakini alisubiri binti yake alirudie. Kisha akasema, "Mwambie mume wako mbao ni zake. Amezinunua yeye."

"Mwambie mama ni zake yeye. Sizichukui zote. Kesho yake baada ya kurudi kutoka Mhunze, kabla jua halijazama, mlango utakuwa umesimama."

Kuku alipita baina yao.

"Mwambie asiniahidi," Nyamizi akasema. "Watu wakiniahidi, mimi huanza kusubiri."

"Mwambie nimekwisha ahidi."

Euphrasia akamgeukia mumewe. "Hilo sitamwambia mimi. Amelisikia mwenyewe."

Masele, fundi wa ngoma, ndiye aliyeitwa kutengeneza boksi. Alipima, akakata, akatoboa tundu la mviringo upande wa mbele. Alipomaliza pande nne na uso, akaweka nyundo chini.

"Na mgongo?" Donatus akauliza.

"Mgongo wa nini? Umewahi kuona ngoma yangu imezibwa chini? Sauti lazima ipate pa kutokea. Ukiifunga humo itakufa kama panya ndani ya mtungi."

Donatus hakubisha. Moyoni alifurahi, maana mbao chache zilibaki, na kila ubao uliobaki aliuhesabu kuwa ni wa mlango.

Walilijaribu ndani ya nyumba, pembeni chumbani. Donatus alipovuta uzi wa chini, vifuniko vya sufuria vililia, vumbi likamwagika kutoka kwenye dari ya miti, mtoto akaanza kulia kisha akanyamaza kwa mshangao. Hata Athanas alicheka.

"Maganzo wamekwisha!" akapiga kelele. "Wameingia kaburini na tarumbeta zao!"


Mhunze palikuwa peupe. Upande mmoja wa uwanja lilisimama ghala la kununulia pamba, kuta zake za udongo, magunia ya wakulima yamepangwa mbele yake. Mahali pengine pote ilikuwa anga na upepo.

Bendi zote mbili zilianza kupiga pamoja. Donatus alivuta uzi wa chini, akangoja ile ngurumo ya chumbani. Haikuja. Alivuta kwa nguvu zaidi. Vidole vyake vilijua anapiga, uzi ulijua unatetemeka, lakini besi ilitoka kwenye boksi ikapotea kama maji yaliyomwagwa mchangani. Miguu ya watu, iliyokuwa imeanza kucheza, ilitulia. Kisha mmoja akaondoka, na wenzake wakamfuata kwenda zilikokuwa tarumbeta.

"Ongeza!" Athanas akamfokea.

"Nimefika mwisho!"

"Mwenye kinanda kikubwa!" mwanamke mmoja akamwita Donatus, akipita na kikapu chake. "Kinapigwa au kinapanguswa vumbi?"

Watu wakaangua kicheko. Athanas alisimamisha wimbo katikati, jambo ambalo bendi haifanyi, akamjia Donatus mbele ya watu wote.

"Wati thelathini! Nilisema wati thelathini! Ukamsikiliza mhuni wa kwenye treni kwa kuwa baiskeli ni yako!"

Donatus alitazama watu wakiondoka, akamwona Januari, yule karani wa mgodi, mtu mnene mwenye kofia nyeupe, akiondoka nao.

Ndipo kengele ya baiskeli ikalia, kengele aliyoijua. Akida alishuka, hata hakusalimu. Alizunguka nyuma ya boksi, akasimama, mikono kiunoni.

"Mgongo uko wapi?"

"Fundi alisema sauti itoke, kama kwenye ngoma."

Akida akapiga paji la uso wake. "Na mimi la kwanza nililitengeneza hivi hivi, kama mjinga! Sikiliza. Karatasi ikisukuma mbele, nyuma inavuta. Mgongo ukiwa wazi, hewa ya mbele inazunguka inaijaza ile ya nyuma, zinamalizana hapo hapo. Kama nyumbani ililia, ni pembe ya chumba iliyokusaidia. Hapa nani akusaidie? Upepo?"

"Basi tumekwisha," Athanas akasema.

"Ghala lile lina ukuta, au ni picha? Bebeni!"

Walilibeba boksi mbio, waya zikiburutika, wakaligandamiza mgongo kwenye ukuta wa udongo wa ghala. Palibaki nafasi pande zote, kwa kuwa ukuta haukunyooka. Donatus akawaendea wakulima waliokaa juu ya magunia yao.

"Wazee wangu, niazimeni magunia. Hayatafunguliwa."

"Yakipungua kilo?"

"Nitakaa hapo hapo mbele yake."

Wakacheka, wakasaidia wenyewe kuyabeba. Magunia ya pamba yakashindiliwa kushoto, kulia na juu, mpaka boksi likaonekana kama mgonjwa aliyefunikwa mablanketi, uso peke yake uko nje.

Donatus akavuta uzi wa chini.

Safari hii sauti ilipita ardhini. Yule mwanamke mwenye kikapu alisimama kule alikokuwa amefika, akatazama miguu yake, akageuka. Athanas aliingiza solo juu ya besi. Watu walianza kurudi kidogo kidogo, kisha wakarudi kwa vumbi, na katika vumbi lile Donatus akaiona kofia nyeupe.


"Nimewachukua," Januari akasema baadaye, akijipepea. "Jumamosi hii mnaanza. Lori letu linapita Shinyanga kesho alasiri, wote muwe tayari. Atakayekuwamo kwenye lori ndiye nitakayemwandika. Sina muda wa kumsubiri mtu nyumbani kwake. Na boksi hilo lifungwe mgongo. Siwezi kusafirisha pamba ya watu."

"Mbao zipo!" Athanas akadakia. "Zimebaki kwa Donatus. Fundi atalimaliza asubuhi tu."

Alimkumbatia Donatus, naye Donatus akakumbatiwa, lakini mikono yake ilibaki imening'inia.


Asubuhi yake Euphrasia alisikiliza habari yote akiwa amekaa kwenye kigoda. Alitabasamu ilipofikia kazi ya mgodi, kisha tabasamu likamtoka.

"Jana walikuja watu wawili," akasema. "Waliomba maji ya kunywa. Mama ndiye aliyewapa. Walimtazama machoni muda mrefu. Mmoja akauliza, bibi huyu analala wapi."

"Ukawajibu nini?"

"Niliwajibu analala na mimi. Lakini pazia la matete walikuwa wameliona."

Donatus aliinuka, akaenda kusimama mbele ya boksi.

"Ngoja," Euphrasia akasema, akamfuata. "Ngoja kwanza, Baba Bernadina. Kinu kinafungwa. Wewe nenda na lori. Mimi nitakesha na mama. Ukirudi Jumapili, utautengeneza mlango."

"Utakesha na mtoto mgongoni na mpini wa jembe mkononi?"

"Nitakesha! Unafikiri mimi siitaki hiyo kazi? Nimechoka kukopa chumvi kwa jirani, Mama Tabu, huku ananicheka." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa hasira. "Na yule ni mama yangu. Sijui hata niseme nini. Usiniulize mimi."

Hakumwuliza. Alichukua nyundo ya Masele, akaugonga ubao wa juu kutokea ndani. Misumari ikalia ikitoka kwenye mninga.

Mchana kutwa alifanya kazi. Alizilaza mbao za boksi pamoja na zile zilizobaki, akaziunga kwa mapapi, vile vipande vyembamba vya kukingama, akapata mlango, na komeo lake kwa ndani. Ubao wenye tundu la mviringo hakuweza kuuacha, maana bila huo upana haukutosha. Akauweka juu.

Lori lilipiga honi barabarani alasiri. Athanas aliingia uani akikimbia, viatu vimeng'aa. Aliona spika imelala peke yake juu ya gunia, akauona na mlango.

"Umefanya nini?"

"Nilimwahidi mkwe wangu."

"Siku moja! Siku moja tu, Donatus! Mlango ungekufa ukingoja siku moja?"

"Mlango usingekufa."

Macho ya Athanas yalikwenda kwenye pazia la matete, akayaondoa haraka. Honi ikalia tena.

"Basi panda hivyo hivyo. Boksi tutalitengenezea huko huko."

Donatus alitazama jua. Lilikuwa limeanza kushuka upande wa kinu. Bawaba alizozikopa asubuhi bado zilikuwa mkononi mwake.

"Chukueni spika na amplifaya. Nitakuja kwa miguu, mkitaka kunisubiri."

"Umemsikia Januari. Hatasubiri." Athanas akaingia ndani, akalishusha gitaa la besi ukutani. Alipopita tena, sauti yake ilikuwa imepungua. "Gitaa ni la bendi. Unajua. Vitu vyako sivichukui, vilikula baiskeli yako."

"Najua. Angalieni uzi wa chini, unalegea."

Honi ikamwita Athanas. Lori liliondoka. Tinde Jazz waliimba juu yake mpaka kwenye njia panda, na wimbo wao haukuwa na besi.

Donatus aliukaza mlango kwenye fremu. Euphrasia alimshikia kwa bega, na mara moja tu alimfuta nyuzi za pamba kwenye nywele. Lile pazia la matete walilikunja wakaliegemeza pembeni. Nyamizi alikuwa ndani, amegeukia ukuta wa nyuma, kama ilivyompasa.

Likabaki tundu. Donatus alikata kipande cha debe, akakiweka juu yake, akaanza kugonga misumari pembeni.

"Baba."

Alisimamisha nyundo. Hakuwa amewahi kuitwa na sauti ile. Akatazama kama Euphrasia yupo karibu ya kuyapokea maneno, lakini Euphrasia alikuwa ameingia jikoni.

"Usizibe pote," Nyamizi akasema nyuma ya mlango. "Uniachie pa jicho moja. Nimwone anayekuja kabla hajafika."

Donatus akatoboa debe kwa msumari mnene, akalizungusha mpaka tundu likatosha jicho. Kisha akarudi nyuma, akageuza uso pembeni, ili mama yule achungulie bila kuonana naye.

"Linatosha, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Jua lilikuwa limegusa paa la kinu, ua umekuwa mwekundu wote. Akiwa bado ameangalia pembeni, akasikia komeo likivutwa kwa ndani, likakwama kidogo kwenye mbao mpya, kisha likaingia mahali pake.